Samweli: maana ya jina na ombi la Hana

Ukimwuliza Samweli yeyote maana ya jina lake, mara nyingi atakujibu bila kusita: "Mungu amesikia." Ndivyo alivyoambiwa nyumbani, na ndivyo visemavyo vijitabu vingi vya majina ya watoto. Jibu hilo ni zuri, tena linaoana na habari ya Hana, mama wa nabii Samweli katika Biblia, aliyelia mbele za Mungu akapewa mtoto. Ila herufi za jina lenyewe hazilikubali.

Kwa Kiebrania jina hili lina herufi tano: shin, mem, vav, alef na lamed. Husomwa Shmuel. Kitenzi cha kusikia ni shama, nacho huishia na herufi ayin, ile sauti ya kooni ambayo mtu aliyepita madrasa anaijua kwa jina la ain. Herufi hiyo haidondoki ovyo. Imo katika Ishmaeli, ambaye jina lake kweli ni "Mungu husikia" (Mwanzo 16:11), na Waarabu wakiandika Ismail wanaiweka ain yake mahali pake. Imo katika Simeoni, mwana ambaye Lea alimpa jina kwa sababu Bwana amesikia. Imo katika Elishama, mmoja wa wana wa Daudi. Katika Samweli haimo.

Kilichomo ni shem, yaani jina, na El, yaani Mungu. Samweli ni "jina la Mungu". Na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa sababu maneno haya si mageni kabisa masikioni mwake. Shem ya Kiebrania ni ndugu wa ism ya Kiarabu, ambayo sisi tumeipokea katika neno isimu na, zaidi ya hapo, katika bismillahi. El naye ni ndugu wa ilah, ambalo limo ndani ya jina Allah. Kwa hiyo mtu anayesema bismillahi kabla ya kugusa chakula ametamka mizizi ile ile miwili inayolijenga jina Samweli.

Imebaki ile u ya katikati. Wapo wanaoisoma kama "yake", wakapata "jina lake ni El". Wengine huiona kuwa mabaki ya mwisho wa kale wa nomino, na mimi naegemea upande huu, kwa kuwa kuna mfano wa wazi. Mahali Yakobo aliposhindana mweleka usiku kucha panaitwa Penieli katika mstari mmoja, na katika mstari unaofuata panaitwa Penueli. Maana haibadiliki: uso wa Mungu. Umbo hilo la pili ndilo lililotupa Fanueli, baba wa nabii Ana katika Luka 2:36, na hadi leo watoto wa Tanzania hupewa jina hilo.

Kuhusu matamshi: Kiebrania kina sh, Kiswahili kina sh, lakini tunasema Samweli kwa s. Sababu ni njia iliyopitiwa. Maandiko yalipotafsiriwa kwa Kigiriki, lugha isiyo na sauti ya sh, Shmuel akawa Samouel, Kilatini kikamchukua hivyo, Ulaya ikafuata, na sisi tukampokea kutoka huko. Kwa Waislamu, nabii anayetajwa bila jina katika Sura ya Baqara, aya ya 246, wafasiri wengi humwita Shamwili. Kaskazini magharibi ya Yerusalemu kuna kilima kiitwacho Nabi Samwil, penye msikiti na mahali pa sala pa Wayahudi, wote wakimkumbuka mtu huyo mmoja.

Sasa turudi kwa Hana, maana fumbo kubwa liko kwake. Katika 1 Samweli 1:20 anampa mtoto jina na kutoa sababu: nimemwomba kwa Bwana. Hasemi "Mungu amesikia", wala hasemi "jina la Mungu". Anasema kuomba, na kitenzi cha Kiebrania hapo ni sha'al, kuomba au kuuliza. Kiarabu kina mzizi huo huo, na kutoka kwake sisi tumepata swali na suala. Katika sura hiyo moja mzizi huu unarudi mara saba, na mara ya mwisho, katika mstari wa 28, unakuja kwa umbo la sha'ul. Msomaji wa Kiebrania akifika hapo lazima ashtuke, kwa sababu Sha'ul ndilo jina la Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli. Sauli maana yake ni "aliyeombwa".

Basi Hana anamwita mwanawe Samweli, lakini maelezo yake yanamfaa Sauli! Baadhi ya wataalamu wamedhani kwamba habari hii hapo awali ilisimulia kuzaliwa kwa Sauli, ikahamishwa baadaye. Mimi sioni haja ya kufika huko. Katika Biblia mzazi anapotoa sababu ya jina hufuata mwangwi wa sauti, wala hachambui sarufi. Binti Farao alimwita mtoto Musa akisema nimemtoa majini, kwa kitenzi cha Kiebrania mashah, ilhali wengi wanakubaliana kuwa jina lenyewe ni la Kimisri, lenye maana ya mtoto au aliyezaliwa. Hana naye amesikia katika Shmuel mwangwi wa sha'al na el, akaridhika nao.

Tena mwandishi alijua anachofanya, maana mzizi ule haukuachwa Shilo, mahali Hana alipoomba. Mtoto yule alipozeeka, watu walimjia wakidai mfalme, na katika sura ya 8, mstari wa 10, wanaitwa kwa kitenzi kile kile: wale waliomwomba mfalme. Samweli akampaka Sauli mafuta. Kisha katika 12:13, akiwa na mvi kichwani, anasimama mbele ya taifa na kuwaonyesha mfalme wao, yule mliyemwomba: she'eltem. Neno alilosema mama yake juu yake, yeye analisema juu ya Sauli.