Kuhesabu Foleni: Kazi ya Waangalizi wa Kujitolea kwenye Vituo vya Ukaguzi, Ukingo wa Magharibi

Kabla Israel haijasitisha vibali vingi vya kazi mnamo Oktoba 2023, ilipofika saa kumi alfajiri maelfu ya vibarua wa Kipalestina walikuwa wameshabanana kwenye ujia wa vyuma wa Kituo namba 300, kati ya Yerusalemu na Bethlehemu, mji wa Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina linalokaliwa na jeshi la Israel. Wengi walikuwa watu wa ujenzi. Aliyechelewa upande wa pili alikosa kibarua cha siku ile. Msomaji wa Kenya ambaye babu yake alitembea na kipande shingoni, kile kitambulisho cha lazima cha enzi za ukoloni, hahitaji kuelezwa zaidi maana ya riziki kutegemea karatasi na sura ya anayeikagua.

Pembeni mwa foleni hiyo walisimama watu wawili watatu wenye vizibao, mkononi kifaa kidogo cha kuhesabia. Kila mtu alipopita, walikibonyeza. Waliandika milango mingapi imefunguliwa, nani karudishwa na kwa sababu gani, na kama ule mlango wa wagonjwa, wazee na wanawake umefunguliwa au umeachwa na kufuli.

Inaonekana kazi ya kipuuzi, mtu kutoka Sweden au Afrika Kusini aje kuhesabu watu. Lakini lalamiko la mtu mmoja hujibiwa kwa urahisi: siku ile kulikuwa na tahadhari, mashine iliharibika. Daftari la miezi mfululizo, lenye saa na idadi, linaonyesha kama mlango hufungwa kwa bahati mbaya au kwa mazoea. Katika haki za binadamu tofauti hiyo ni kubwa.

Wenye vizibao ni wa mpango wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, EAPPI, ulioanza 2002 kwa ombi la viongozi wa makanisa ya Yerusalemu. Kila mmoja hukaa takribani miezi mitatu. Mwaka mmoja kabla yao walikuwa wameanza wanawake wa Israel wenyewe, Machsom Watch. Hao hawakutoka mbali. Ni raia, wengi wao watu wazima wa rika la bibi za askari wanaowatazama, na ndiyo maana askari huona aibu mbele yao kuliko mbele ya mgeni. Novemba 2004, katika kituo cha Beit Iba karibu na Nablus, mmoja wao alimpiga picha ya video Mpalestina akipiga fidla mbele ya askari huku foleni ikisubiri. Kulizuka ubishi kama aliamriwa au alijitolea, lakini picha ile ilitikisa Israel yenyewe, nchi yenye kumbukumbu chungu za wanamuziki wa Kiyahudi waliolazimishwa kupiga muziki katika kambi za mateso za Wanazi. Na Beit Iba haikuwa mpakani. Ilitenga mji wa Wapalestina na vijiji vyake.

Kisheria, Israel inasema vituo hivi vililetwa na mashambulizi ya mabomu, hasa baada ya Septemba 2000, ilipoanza Intifada ya pili, uasi wa Wapalestina, na mashambulizi hayo yalikuwa ya kweli, yakaua raia. Sheria haikatai usalama. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ibara ya 12, unaruhusu uhuru wa kutembea uwekewe mipaka, ila iwe ya lazima na ilingane na hatari yenyewe. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, ibara ya 33, unakataza kuadhibu watu kwa kosa ambalo hawakulitenda. Kwa hiyo swali la mwangalizi si kama askari awepo. Ni kama mjamzito anahitaji kusimama saa mbili ili nchi iwe salama.

Mwangalizi hana amri juu ya mtu. Anachoweza ni kupiga simu ofisi ya jeshi inayohusika na raia, na mara nyingine mlango hufunguliwa. Hapo ndipo penye ubishi mkali ndani ya makundi haya, nami naona ni ubishi wa haki: ukisaidia foleni iende vizuri, hujasaidia pia kituo kionekane cha kawaida? Walio foleni, kwa kawaida, wanataka simu ipigwe.

Kuangalia kuna gharama. Israel huushutumu mpango wa makanisa kwa upendeleo na kuchochea watu waisusie Israel. Desemba 2016 Isabel Apawo Phiri wa Malawi, naibu katibu mkuu wa Baraza hilo, alizuiwa uwanja wa ndege wa Ben Gurion na kurudishwa. Januari 2019 EAPPI iliwaondoa watu wake Hebron, mji mwingine wa Ukingo wa Magharibi, kwa kusumbuliwa na walowezi wa Kiyahudi na askari. Mwezi huohuo serikali ilitangaza kutoongeza muda wa TIPH, waangalizi wa kimataifa waliokuwa mjini humo kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Mwanzoni mwa 2025 Umoja wa Mataifa ulihesabu vizuizi zaidi ya 800 Ukingo wa Magharibi. Vingi havina askari: ni lango la chuma lililofungwa mdomoni mwa kijiji, au tuta la udongo katikati ya barabara. Hapo hakuna foleni ya kuhesabu wala wa kupigiwa simu, na waangalizi wengi sasa wanaamka alfajiri kufuatana na wachungaji malishoni, na msimu wa zeituni ukifika, na wakulima mashambani.