Yangeyange mtazame vidole

Ukifika asubuhi kwenye mwalo wa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, dagaa wakiwa wanaanikwa, hutakosa ndege weupe wa miguu mirefu. Wengi huwaita wote yangeyange, basi yameisha. Mimi ninayewafuatilia nakuomba uwatazame kuanzia chini. Yule anayeandamana na ng'ombe ana mdomo wa njano na shingo fupi. Yule mkubwa, anayekaribia urefu wa mita moja, ana vidole vyeusi. Yangeyange mdogo, kipenzi changu, ana mdomo mweusi, miguu myeusi, halafu vidole vya njano, kama aliyekanyaga rangi.

Vidole hivyo ni vya kazi. Kwenye maji ya kina kifupi kando ya matete hutanguliza mguu mmoja na kuutetemesha topeni. Samaki wadogo aina ya furu na wadudu waliojificha hushtuka, wakachomoka, naye hapohapo anadonoa. Kasi yake inatoka shingoni: pingili ya sita ni ndefu na imeunganishwa kwa namna ya pekee, ndiyo maana shingo hujikunja kama herufi S kisha ikafyatuka.

Ila kinachonishangaza zaidi ni shabaha. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani hupinda, kwa hiyo samaki anaonekana yuko juu kuliko alipo kweli. Anayelenga pale anapomwona atakosa. Yangeyange hulenga chini zaidi, na kadiri samaki anavyokuwa ndani ndivyo anavyozidisha hiyo tofauti. Mtazame kabla hajadonoa: husogeza kichwa taratibu, akitafuta pembe inayomfaa.

Msimu wa kuzaa huota manyoya mepesi mgongoni na mawili marefu kisogoni. Manyoya hayo nusura yawamalize: mwishoni mwa karne ya 19 yalipamba kofia za wanawake Ulaya, na ndege waliuawa kwa wingi hivi kwamba mwaka 1889 wanawake wa Uingereza wakaanzisha chama cha kupinga biashara hiyo.

Hapa kwetu hakuna anayemwinda kwa ajili ya kofia, lakini naumia nikiona kifusi kinamwagwa ufukweni na matete yanafyekwa. Yangeyange hawindi kwa kuogelea wala kupiga mbizi. Anategemea ule ukanda mwembamba ambao maji hayazidi miguu yake, na hapohapo ndipo samaki wachanga hujificha. Ukiwa na kiwanja kando ya ziwa, tafadhali uuache ukanda huo.