Kuku wa kikundi na viti vya kikundi

Kila mwezi wa kwanza simu yangu haitulii. Vikoba, vile vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopa, vimevunjwa Desemba, watu wamegawana, wamekula sikukuu, wamelipa ada na kununua sare, sasa wanaanza mzunguko mpya na safari hii wanataka na "mradi wa kikundi". Nikiuliza mradi gani, karibu wote jibu ni moja, kuku. Mimi kazi yangu ni maendeleo ya jamii ngazi ya kata, huku Morogoro, na vikundi nilivyokaa navyo chini ya miembe sivihesabu tena, na jibu langu kwa kuku wa kikundi halijawahi kubadilika: msifuge. Fugeni kila mtu kwake. Najua hapo mama mwenyekiti ameshanuna, ila mnisikilize kwanza.

Kuna kikundi kimoja, kina mama 25, kikoba chao kilikuwa na miaka mitatu na kinakwenda vizuri tu. Wakanunua vifaranga 200, banda likajengwa kwa katibu kwa sababu yeye ndo ana uwanja, zamu zikapangwa wawili wawili kila siku. Wiki ya kwanza raha tupu, picha kwenye grupu la WhatsApp asubuhi na jioni. Chanjo ya kideri siku ya 7 ikaenda vizuri maana wote walikuwepo, hata wasio na zamu walikuja kuangalia. Ya gumboro, siku ya 14, ikaangukia Jumamosi ya msiba, wenye zamu wote wawili wakaenda kupika msibani, kila mmoja anajua mwenzie atachomoka arudi kuwawekea chanjo kwenye maji, na chanjo yenyewe ilikuwa kwenye friji la jirani, naamini mpaka leo ipo. Wiki ya nne vifaranga wakaanza kujikunyata, mharo mweupe, siku tano tu banda likawa kimya.

Kile kikao cha baada ya hapo sitakisahau. Hakuna aliyekosea, yaani ukiuliza kila mtu ana sababu yake na ni ya kweli. Halafu ikahamia kwa katibu, ambaye banda liko kwake, maji ni ya bomba lake, umeme wa taa ni wa luku yake, na hajawahi kulipwa hata mia. Akaulizwa wale kuku wanne pale nyuma ya jiko wametoka wapi. Jamani vifaranga walikufa wana mwezi, na wale kuku wanataga! Lakini ndo ilishasemwa, haiwezi kurudi mdomoni. Mwezi uliofuata wanane hawakuja na hisa, na kikoba kikafa pale pale, kimeuliwa na kuku.

Sasa mbona wanawake hao hao, bila bosi, bila mhasibu, wamekaa miaka mitatu na sanduku la mamilioni chini ya kitanda cha mtu na haikupotea hata elfu moja? Jibu liko kwenye sanduku lenyewe, na wengi wetu tunalitumia bila kuliangalia vizuri.

Zamani, na hata sasa, kulikuwa na upatu, wengine mnaita mchezo. Mnachanga, anapewa mmoja, kesho mwingine. Upatu ni mzuri ila hauna akiba ya kukopa, na wa mwisho kwenye foleni anaomba Mungu wa kwanza asihame mtaa. Huu mfumo wa hisa ulianzia Nijer, kule Maradi, mwaka 1991, shirika la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini waliouita kwa Kihausa Mata Masu Dubara, na kwetu ukaingia miaka ya mwanzo ya 2000. Ukaukuta upatu, ukakaa nao vizuri. Jirani zetu Kenya wana chama, Uganda nao wanavyo vyao, majina tofauti lakini ukiingia kikaoni utaelewa kila kitu bila mkalimani.

Angalia kikao kinavyokwenda. Sanduku ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo tatu wanakaa nazo wanawake watatu ambao si viongozi. Anayelilaza kwake hana ufunguo hata mmoja. Likiwekwa katikati, kabla halijafunguliwa, mwenyekiti anauliza: wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Na kina mama wote wanajibu kwa pamoja, kama watoto wa chekechea, "laki mbili na elfu kumi na nne mia tano!" Ndo linafunguliwa, wahesabu fedha wawili wanahesabu mbele za watu kwenye beseni, ikiwa ni hiyo hiyo mnaendelea, ikiwa siyo hakuna mtu anainuka. Ukiniuliza mimi, hilo swali moja lina nguvu kuliko kufuli zote tatu. Bibi asiyejua kusoma anajua salio sawasawa na mwalimu aliyekaa pembeni yake.

Halafu hisa. Tuseme hisa moja ni sh 2,000, na kila mtu anaruhusiwa kununua kuanzia moja mpaka tano kwa wiki. Ukinunua tatu unagongewa mihuri mitatu kwenye kijitabu chako na zile nafasi mbili zilizobaki zinapigwa mstari hapo hapo, ili mtu asije akajigongea usiku. Mkopo ni mpaka mara tatu ya hisa zako, na nyongeza mnapanga wenyewe, wengine asilimia 5 kwa mwezi, wengine 10. Wapo pia wasiotaka riba kabisa kwa sababu ya dini, hao wanakopeshana bila nyongeza, na hao ndo hasa wanahitaji mradi wa kuingiza kitu.

Mwisho wa mwaka mnavunja. Hapa ndo napigiwa simu sana kuja kupiga hesabu, na hesabu yenyewe haina ugumu, ugumu ni kwamba watu hawaamini kama ni rahisi hivyo. Mikopo yote imerudi, sandukuni mnakuta sh 8,640,000. Mnahesabu mihuri ya vijitabu vyote, mnapata hisa 3,600. Gawanya. Kila hisa imekuwa sh 2,400, mliinunua 2,000. Basi. Mama muuza mihogo aliyekuwa ananunua moja moja kwa wiki 48 ana hisa 48, anaondoka na 115,200. Mwenye duka aliyekuwa ananunua tano tano ana 240, anaondoka na 576,000. Hakuna aliyependelewa, na muuza mihogo anaweza kumhesabia mwenye duka pesa yake kwa kichwa, nimeona kwa macho.

Mfuko wa jamii usiingie kwenye hiyo hesabu. Ile mia tano tano ya kila wiki inakaa kwenye mfuko wake wa kitambaa, ni ya kuumwa na kufiwa na kujifungua, haigawanywi kwa hisa. Nimekuta kikundi kimechanganya, wakagawana na mfuko wa jamii, wiki moja baadaye mwenzao akafiwa na mume. Ikabidi wapitishe kofia.

Kwa hiyo kikoba kinaishi kwa sababu kila kitu ndani yake kinahesabika mbele za watu kwa dakika kumi, na kila mtu anajua kipande chake. Kuku hahesabiki hivyo. Kuku anakula usiku na mchana, anaugua siku ya msiba, na anakaa kwa mtu mmoja huku ni wa watu 25. Bustani ya mchicha ya kikundi nayo ni hivyo hivyo, anayekaa karibu na bustani ndo anamwagilia na ndo anashutumiwa kuchuma. Kitu chochote kinachopumua kinataka mwenyewe mmoja. Kopa kwenye kikoba, fuga kwako, chanja mwenyewe, mayai yako, hasara yako, na wenzio waje kujifunza kwako.

Mtaniuliza sasa kikundi kifanye nini. Viti.

Kikundi ninachokipenda kuliko vyote (sikitaji, wenyewe wanajijua) walianza na viti vya plastiki 30, kila kimoja kama elfu 15 wakati ule. Hawakugusa hisa, walikata faini na kuchangishana pembeni, na daftari la viti ni jingine kabisa na mtunza pesa wake ni mwingine. Kiti wanakodisha sh 300. Harusi, kipaimara, maulidi, kikao cha mtaa, mikutano ya vyama wakati wa kampeni, hapo ndo walivuna. Viti 30 vikawa 60, vikawa 100, wakaongeza turubai moja, halafu masufuria makubwa na majiko ya kupikia pilau ya watu wengi, na sasa hivi wakikodisha vyombo wanakodisha na wapishi, ambao ni wao wenyewe, na mpishi analipwa siku yake hapo hapo, hangoji mwisho wa mwaka. Kiti hakili, na hakiugui siku ya Jumamosi. Ukiuliza viko vingapi unavipanga uwanjani unahesabu, mchezo ule ule wa sanduku.

Taratibu zao ni tatu nne tu. Mwanachama akifiwa, viti na turubai bure siku tatu. Jirani asiye mwanachama akifiwa, nusu bei na anaweza kulipa baada ya matanga. Sherehe ni bei kamili hata kama ni ya mwenyekiti mwenyewe, na hii ilileta ugomvi mwaka wa kwanza wakati mtoto wa mwenyekiti anaolewa, lakini alilipa, na alipolipa ndo ikawa sheria kweli. Kikipotea kiti analipa aliyesaini kuchukua. Chini ya kila kiti kuna alama ya rangi nyekundu na namba.

Kuhusu mkopo wa halmashauri naomba niseme kidogo, maana humo ndo kuku wengi wanazaliwa. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ipo kisheria, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 baada ya kelele nyingi za mikopo isiyorudi na vikundi hewa, ikarudi tena 2024. Sasa kina mama wakisikia fomu inataka mradi, wanaandika kuku, kwa sababu waliopata mwaka juzi waliandika kuku. Nimeshawahi kupokea maandiko manne ya miradi siku moja, mitaa minne tofauti, namba za vifaranga sawa, hata makosa ya herufi sawa, inaonekana kijana wa steshenari ni mmoja. Lile andiko linakuja kuwafunga. Mnaomba milioni kumi za kuku, mnapewa, mnafuga kwa sababu ndivyo mlivyoandika, wanakufa, deni liko pale pale. Andikeni kitu mnachokifanya tayari. Kama mnakodisha viti, ombeni viti na turubai, mna daftari la miaka miwili la kuonyesha, na mimi nikija kukagua nakuta kitu cha kushika. Halafu sajilini kikundi, tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 kikoba kinatakiwa kusajiliwa, na halmashauri yako ndo inafanya kazi hiyo, si lazima mpande basi kwenda kokote.

Sabuni ya maji nayo inaulizwa sana. Inawezekana, kwa sababu mnapika siku moja wote mpo, mnagawana chupa, kila mtu anauza kwake na analeta hela ya chupa alizochukua, yaani inahesabika. Ila mkitaka kuingia maduka makubwa mtaulizwa nembo ya TBS, shirika la viwango, basi pitieni SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza wawape utambulisho, wajasiriamali wadogo wana nafuu huko. Na acheni kujaza kwenye chupa za soda bila kubandika lebo. Mtoto akiona chupa ya soda anakunywa.

Juzi Jumapili nilipita kwa wale wa viti, asubuhi mapema, msiba ulikuwa umeisha jana yake. Nikawakuta watatu uwanjani wanapanga kumi kumi, kanga zimefungwa viunoni, mmoja ana daftari. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, subiri usinichanganye, tisini na saba." Wakarudia. Tisini na saba. Hakuna aliyepiga kelele, mmoja akatoka mpaka kijiwe cha bodaboda, akarudi na viti viwili kichwani na kijana mmoja anamfuata nyuma anaomba msamaha, eti walikuwa wanajikinga na umande. Cha mia bado. Mwenye daftari akalamba kidole, akafunua ukurasa wa nyuma, akaandika namba yake: 41. "Arobaini na moja," akasema, "hicho kiko kwa fundi cherehani, nilimuona anakikalia jana. Atakileta, au atalipa elfu kumi na tano."