Ukifika Msikiti Mkuu wa Kilwa, geukia kaskazini

Watu wakitoka Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale pwani ya kusini ya Tanzania, hunitumia picha, na karibu zote ni ileile: matao ya Msikiti Mkuu, kuba juu, mtu kasimama katikati akiangalia mbali. Inapendeza, sina ugomvi nayo. Ila mimi kazi yangu ni kuhifadhi kuta za kale, na picha hiyo inanionyesha nusu tu ya jengo.

Tena nusu iliyo changa. Upande wa kusini wenye kuba uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mjenzi wa kasri la Husuni Kubwa, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Karne iliyofuata ukajengwa upya. Ukumbi wa awali, wa karne ya 11 au 12, uko kaskazini, hauna paa, na wageni wanaupita tu. Simama pale kumbi mbili zinapokutana, upate ukuta wa zamani na nguzo za baadaye kwa pamoja. Hapo ndipo unapouona mji uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ukijiongezea msikiti.

Sasa jua. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Kilwa, kwa hiyo ukuta wa kibla, unaoelekewa wakati wa kuswali, ndio wa kaskazini. Mwezi Juni na Julai jua la mchana liko upande huohuo. Unalikabili, na mihrabu, kile kishubaka cha imamu ukutani, inatoka nyeusi. Wahi asubuhi, au subiri alasiri, jua likiwa pembeni yako, si mbele. Desemba na Januari jua huwa kusini na kazi ni nyepesi, ukilivumilia joto.

Kwenye majumba, tafadhali msikate sehemu ya juu ya ukuta. Yale matundu yaliyojipanga yalishika boriti za mikoko zilizobeba dari, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani ni virefu na vyembamba. Na kwenye ule msikiti mdogo wa kuba, inua kamera: mafundi walipachika bakuli za kigeni darini.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu yake, zilikuwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Mvua, mizizi na mawimbi havijaacha kazi yao. Kwa hiyo ukiona ufa, upige picha, uweke rula au hata kalamu kando yake. Usiegemee ukuta, na usiupande kutafuta pembe nzuri. Chokaa ile ni ya karne nyingi. Kisiwani kuna wenyeji na makaburi yanayoheshimiwa, basi piga hodi kabla ya kutoa simu.

Ukitaka kunitumia picha kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana ikienda kama picha inabanwa na kupoteza tarehe. Andika jina la jengo na upande wa ukuta. "Magofu ya Kilwa" haitoshi: kisiwa kina misikiti kadhaa, na kuna wanaonitumia Songo Mnara wakiapa kwamba ni Husuni Kubwa.