Je, wajua kwa nini wahariri zaidi ya 40 wa jarida la ubongo walijiuzulu kwa pamoja?

Aprili 2023 kuna kitu kilitokea kwa watafiti wa ubongo ambacho huku kwetu hakikusikika sana. Jarida la NeuroImage, ambalo ndo lilikuwa linaongoza kwenye mambo ya kupiga picha za ubongo (zile za MRI na kadhalika), wahariri wake wote walitangaza wanaondoka, kuanzia mhariri mkuu Stephen Smith wa Oxford mpaka wale wanaoshika makala moja moja, na wenzao wa jarida dogo la pembeni, NeuroImage: Reports, nao wakabeba mabegi. Zaidi ya watu 40. Hawakuwa wamegombana wao kwa wao, wala hakuna aliyekula hela ya mtu, waligombana na mchapishaji wao, Elsevier, kuhusu bei.

Sasa bei ya nini, na wakati jarida lenyewe lilikuwa la kusoma bure? Hapo ndo watu wengi wanachanganyikiwa.

Zamani majarida ya sayansi yalikuwa yanauzwa kwa msomaji, chuo kikilipa ada ya mwaka basi wanafunzi na walimu wake wanasoma, na we uliye nje ya chuo ukiklik linki unaambiwa toa dola 30 au 40 kwa makala moja, ya kurasa kumi tu hiyo. Watu wakalalamika, na haki yao, maana sehemu kubwa ya huo utafiti imelipiwa na kodi za wananchi au mashirika ya misaada. Mwaka 2002 likatoka tamko la Budapest kwamba utafiti uwe wazi mtandaoni, yeyote asome, adaunlodi, atumie. Wazo safi kabisa. Ila kuendesha jarida kuna gharama, kwa hiyo likazuka swali nani alipe kama msomaji halipi, na jibu lililoshika ni kwamba alipe anayeandika. Jarida la PLOS Biology lilipoanza 2003 lilikuwa linamtoza mwandishi dola 1,500 na watu wakaona si haba, hela inatoka kwenye bajeti ya utafiti, dunia nzima inasoma bure, yameisha.

Hayakuisha bana. Wachapishaji wakubwa walipoona huku nako kuna hela wakaingia na miguu yote miwili. NeuroImage ambalo lipo tangu 1992 liligeuzwa kuwa la ufikiaji huria moja kwa moja, yaani yeyote anasoma bure, mwaka 2020, na ikifika 2023 mwandishi anatakiwa atoe dola 3,450 kwa makala moja, ambayo kwa hela za wakati ule ni zaidi ya milioni 8 za Kitanzania. Kwa makala moja! Na hata hiyo usiione kubwa, jarida la Nature Neuroscience ukitaka makala yako iwe wazi kwa wote, kuanzia 2021 bei iliwekwa euro 9,500.

Halafu angalia nani anafanya kazi. Mtafiti anafanya utafiti, mshahara analipwa na chuo. Anaandika mwenyewe. Makala inapelekwa kwa wahakiki, hawa ni watafiti wenzake, wanaisoma usiku na wikendi, malipo hakuna. Mhariri anayeamua ipite au isipite naye ni profesa sehemu fulani, anapewa posho kidogo au hapewi kabisa. Mchapishaji anapanga kurasa, anatunza tovuti na mfumo wa kupokea makala, anaweka jina lake. Sisemi hiyo si kazi, ni kazi, ila upande wa sayansi wa kampuni mama ya Elsevier, RELX, umekuwa ukiripoti faida ya karibu asilimia 38, na hapo ndo wahariri walikuwa wanauliza hiyo dola 3,450 inaenda wapi. Ni kama kamati ya harusi ichange yenyewe, ipike yenyewe, ipakue yenyewe, halafu siku yenyewe mwenye ukumbi awauzie kadi za kuingia.

Wahariri hawakukurupuka. Mwaka 2022 walimwandikia mchapishaji kwamba hii ada ishuke iwe chini ya dola 2,000, wakakataliwa. Machi 2023 wakarudi tena wakasema msiposhusha tunaondoka, na jibu likawa lilelile, kwamba bei iko sawa ukilinganisha na majarida mengine ya kiwango hicho. Kwa maana ya soko kampuni haikudanganya, bei kweli ilikuwa hivyo kwa wengine pia, ila ndo tatizo lenyewe sasa. Mtafiti hachagui jarida kwa bei, anachagua kwa jina, kwa sababu jina ndo linampa kazi, linampandisha cheo, linamletea ufadhili unaofuata, kwa hiyo jarida lenye jina linaweza kupandisha bei na foleni isipungue. Na jina hilo limejengwa na nani kama si haohao wahariri na wahakiki wasiolipwa?

Kuna kitu kingine nadhani kilichangia ila hakisemwi sana. Watu wa picha za ubongo wana utamaduni wa kugawana vitu. Programu wanazotumia kila siku kuchambua picha, kama SPM iliyotengenezwa London na FSL ya Oxford, watafiti wanazipata bure, na Smith mwenyewe ni mmoja wa walioitengeneza FSL. Data pia wanawekeana wazi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia mwenzake wa chuo kidogo atoe dola elfu tatu na ushee ndo kazi yake isomwe, hamtaelewana.

Wakaenda kuanzisha jarida jipya, Imaging Neuroscience, chini ya MIT Press ambao hawafanyi kwa faida, ada ikawekwa dola 1,600, na watafiti wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati hawalipi. Hiki kipengele ndo cha kwetu. Wachapishaji wakubwa nao wanasamehe nchi maskini kabisa na zingine wanazipunguzia, lakini mwenye kupunguziwa nusu ya dola 3,450 bado ana dola 1,725 za kutafuta, ambazo hazipo kwenye bajeti ya mtu anayesomea uzamili kwa kuungaunga. NeuroImage lenyewe halikufa, liliweka wahariri wengine na linaendelea.

Kuna na walioamua kuruka ukuta kabisa. Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan, aliyekuwa mwanafunzi aliyevutiwa na mambo ya kuunganisha ubongo na kompyuta, alichoka kugonga kurasa za malipo akafungua Sci-Hub mwaka 2011, tovuti inayotoa makala za kulipia bila ruhusa ya wenyewe. Mwaka 2017 mahakama ya New York iliamua Elsevier ilipwe dola milioni 15. Kisheria ni kosa, hilo halina mjadala, ila ukitaka kujua hasira ilifikia wapi, ndo hapo.

Wewe unayetaka tu kusoma kuhusu kifafa au kiharusi au kwa nini bibi anasahau, huna haja ya kufika huko. Jaribu kwanza PubMed Central, maktaba ya bure ya serikali ya Marekani iliyoanza mwaka 2000, na kuanzia Julai 2025 utafiti unaofadhiliwa na NIH (taasisi ya serikali hiyo inayofadhili utafiti wa afya) unatakiwa uwekwe humo bure siku ileile makala inapochapishwa, wakati zamani iliruhusiwa kufichwa hadi miezi 12. Tovuti ya bioRxiv nayo ina rasimu ambazo watafiti wameziweka kabla hazijahakikiwa, hizo zisome kwa tahadhari maana mapungufu yake huenda bado hayajaonekana. Ukikosa kote huko mwandikie mtafiti mwenyewe, barua pepe yake huwa ipo pale chini ya majina. Wengi wanakutumia PDF bila shida, kwanza wanafurahi kuona kuna mtu anataka kuisoma.