Kuta zimejaa makabati: hita ya jikoni uiweke wapi?

Ikifika Juni, wateja wangu hapa Mbeya hunipigia kwa jambo moja: jikoni hakukaliki. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Anayeamka kuchemsha chai ya watoto anasimama juu ya marumaru bila kujua miguu aiweke wapi. Njombe na Makete ndiyo usiseme.

Hita ya kutundika ukutani ingemaliza kazi, ila ukuta wenyewe uko wapi? Huku sinki na dirisha, kule makabati ya juu na chini, upande wa tatu friji na mlango wa uani. Ukiibana nyuma ya mlango, utakuwa unapasha mlango.

Kabla ya kununua chochote, tazama juu. Kama ni bati tupu bila dari, pesa ya hita nunulia jipsamu kwanza, maana hewa ya moto hupanda na bati haliizuii. Ziba pia uwazi wa chini ya mlango. Matundu ya hewa yaache kama unapikia gesi.

Jiko la mkaa la kuotea ndani silijadili. Makaa yaliyokolea, hata moshi ukiwa umekwisha, bado yanatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kuwasha pleti za gesi ili kuota moto nako hapana: kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke, na mvuke huo ndio unaoishia kuwa ukungu nyuma ya makabati.

Umeme basi, na sehemu zilizobaki ni tatu.

Kwenye dari hupachikwa paneli ya miale. Haipashi sana hewa, inapasha kile inachokimulika, kama jua. Nyumba nyingi za huku zina dari ndefu, kwa hiyo miale inafika imepungua nguvu, na kaunta inakinga miguu. Kichwa kinapata joto, vidole vinaganda. Siipendi jikoni.

Sakafuni ndiko kuzuri, ila wakati wa ujenzi tu au unapobadilisha marumaru. Waya wa joto unatandazwa kwenye sehemu wazi pekee, kamwe si chini ya makabati au friji, kwa sababu joto likikosa pa kutokea linaunguza waya. Kwa wati 150 kila mita ya mraba, mita 4 zinakula wati 600. Chini yake weka bodi ya povu gumu, la sivyo utapasha jamvi la zege na udongo. Mimi hupima ukinzani wa waya, yaani unavyozuia umeme kupita, kwa kipima umeme cha fundi mara tatu: ukiwa bado kwenye boksi, ukishatandazwa, na fundi marumaru akishamaliza. Mwiko wake ukiugusa waya bila yeye kujua, namba zitasema. Kasoro yake ni uvivu: uweke saa iwashe mapema, kama saa moja kabla hujaamka.

Kwa jikoni iliyokwisha kujengwa, ninachopendekeza karibu kila mara ni hita ndogo ya feni inayoingia chini ya makabati, kwenye kile kibao kinachopokea vidole vya miguu ukisimama kwenye sinki. Uwazi wa sentimita 15 kwenda juu kwa kawaida unatosha. Ndani ya dakika chache miguu imepata joto, unazima. Ya wati 2,000 kwa nusu saa ni uniti moja ya LUKU. Ina kelele kidogo, na vumbi la unga lisafishwe kwenye wavu wake. Kama kaunta yako imejengwa kwa tofali na zege hadi chini, hapo tundu ni la kuchonga, na gharama inapanda.

Usiichomeke kwenye soketi ya kaunta. Wati 2,000 kwa volti 230 ni karibu ampea 9, birika la umeme nalo ni hivyo hivyo, na ekstensheni ya ampea 13 haibebi vyote viwili. Hita ivutiwe waya wake wa milimita 2.5 za mraba kutoka mein swichi, na breka yake yenyewe, kabla seremala hajafunga kile kibao.