Uhalisia pepe hauanzi na miwani ya mamilioni

Vijana wanaojifunza programu hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Iyunga, wanarudishwa nyuma na imani moja: kwamba huwezi kutengeneza uhalisia pepe (VR), yaani mazingira ya kompyuta unayojihisi umo ndani yake, bila miwani ya bei ghali na kompyuta yenye nguvu kubwa. Si kweli. Miwani ni ya kutazamia. Kazi yenyewe hufanyika kwenye skrini ya kompyuta ya kawaida.

Anza na A-Frame, zana ya kujenga uhalisia pepe ndani ya ukurasa wa wavuti, iliyoanzishwa na Mozilla mwaka 2015. Huisakinishi, inataka intaneti kidogo tu. Fungua Notepad, andika mistari michache ya HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti), weka anga, ardhi na nguzo za rangi ya udongo mwekundu, kisha fungua faili kwenye kivinjari. Utageuza macho kwa kipanya na kutembea kwa herufi W, A, S na D. Hapo tayari unaweza kujenga korongo la Isimila, kule Iringa, nguzo kwa nguzo. Vipimo ni vya mita, hivyo nguzo iliyozidi urefu unaiona mara moja.

Ukizoea, nenda Godot, programu ya kutengenezea michezo na uhalisia pepe: ni ya bure na haimalizi bando. Unity, programu nyingine ya aina hiyo, nayo ina toleo la bure, ila hulemea kompyuta kuukuu.

Simu inatosha kujaribia kazi yako, mradi iwe na jairoskopu, kihisio kinachotambua simu inavyogeuzwa. Nyingi za bei nafuu hazina, kwa hiyo kagua kabla ya kununua kasha la kadibodi la kuwekea simu mbele ya macho.

Miwani utaihitaji kweli unapopima kizunguzungu, maana picha zikikwamakwama mtumiaji huchefukwa. Kwa hatua hiyo, kuazima kunatosha.